Ishirini Toa, Ishirini Jumlisha

Jumatatu, 3 Machi

Mwanyumba kanunua cherehani ya umeme. Naandika haya kwa utulivu kabisa. Kalamu ndiyo iliyotoboa karatasi.

Mwanyumba ni mume wa mdogo wake mke wangu. Nilioa mimi kwanza. Nilianza kushona mimi kwanza. Chumba cha kazi nilipanga mimi kwanza, naye akaja kupanga cha pili, mlango kwa mlango, baraza moja. Sasa yangu ya kukanyaga inalia kokoro-kokoro, yake inanguruma kama paka aliyeshiba. Wateja wanapita mlangoni kwangu, wananisalimia kwa adabu zote, wanaingia kwake.

Jioni tulikwenda kumwamkia mama mkwe. Huyu alifundisha hesabu miaka thelathini na minne. Kustaafu kastaafu, kusahihisha hajaacha. Hanywi chai bila kuitolea alama. Chai ya mke wangu sabini na tano. Mazishi ya jirani yake themanini na mbili, yangepata zaidi kama viti vingetosha. Leo akatuangalia sisi wakwe zake wawili, akasema mwanyumba anamwekea asilimia themanini. Nikauliza, kwa kucheka, na mimi je. Alifikiri. Alifikiri muda mrefu mno! Akasema si haba, sitini.

Sitini! Na mwezi uliopita nilimtengenezea bomba la maji. Mwanyumba alitabasamu kwa unyenyekevu. Unyenyekevu wenyewe ule wa kuudhi.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimehesabu wateja wote wa barazani, wangu na wa mwanyumba. Jana yeye alikuwa na kumi, leo kumi na mmoja. Ongezeko la asilimia kumi. Mimi jana mmoja, leo wawili. Ongezeko la asilimia mia! Nampita mara kumi. Nikamweleza mke wangu. Akauliza, sasa tumepata wawili au hatukupata wawili? Mke wangu ni binti wa mama yake.

Hata hivyo jambo moja limenikera. Mwanyumba kabandika karatasi mlangoni: PUNGUZO 10%. Kumi! Bahili mkubwa. Nimechukua boksi la uzi, nikalipasua, nikaandika kwa rangi nyekundu: PUNGUZO 50%. UKIJA NA MWENZAKO, 50% NYINGINE. Watu walisimama kusoma. Mwanyumba naye alitoka, akasoma, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia wivu haumfai mtu wa rika lake.

Jumatano, 5 Machi

Walikuja akina dada wawili, wameshikana mikono, kila mmoja na kitambaa cha sketi. Kila mmoja akasema mwenzake ndiye huyu. Hamsini kwa hamsini ni mia, wakasema, kwa hiyo sketi ni bure. Nilihesabu kwa vidole. Kweli, hamsini na hamsini ni mia. Ningefanyaje? Maandishi yangu, rangi yangu. Nimeshona sketi mbili za marinda bure, na zipu nimetoa mimi. Wakashukuru sana. Wakasema kesho wanamleta shangazi yao.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akachukua chungwa, akalikata, nusu akaweka pembeni. Akasema hiyo ndiyo hamsini ya kwanza, imekwenda. Akaichukua nusu iliyobaki, akaikata tena katikati, kipande kimoja akakiweka pembeni. Akasema hiyo ndiyo hamsini ya pili, ya kile kilichobaki. Akaniuliza mezani kumebaki nini. Robo. Kumbe wale dada walipaswa kulipa robo! Kwani hamsini ya pili si ya sketi nzima, ni ya bei iliyokwisha kupungua. Akasema kila ukisikia asilimia, uliza ya nini.

Nikaila ile robo. Nikamwambia, sasa imekwisha.

Boksi nimelitoa mlangoni. Hiyo ni kanuni ya punguzo tu, haina uhusiano na maisha mengine.

Alhamisi, 6 Machi

Habari kubwa! Kikundi cha akina mama, ambacho mama mkwe ndiye mwenyekiti wake, kimemaliza kujenga ukumbi. Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Madirisha kumi, yote sawa, urefu sentimita mia mbili kutoka chuma cha pazia mpaka kizingiti cha chini. Mama mkwe kawagawia wakwe zake: matano kwangu, matano kwa mwanyumba. Atakayefanya vizuri ndiye fundi wa ukumbi mwaka mzima. Vitambaa vya meza, magauni ya viti, mapambo, sare za wahudumu. Mwaka mzima! Nikipata kazi hii sitahitaji tena kuhesabu miguu ya watu barazani.

Kuna sharti. Muuza vitambaa kawaambia kwamba pamba ile ikichemshwa hurudi, yaani husinyaa, asilimia ishirini ya urefu wake. Upana haubadiliki. Fundi mwenye akili angekifua kitambaa kwanza ndipo akate. Mama mkwe kakataza! Tukate kwanza, tushone, tuzungushie utepe kwenye kingo, ndipo tuchemshe. Na pazia likitoka kwenye maji liwe na mia mbili kamili. Kasema mikono yetu ameshaiona, sasa anataka kuona vichwa.

Kila mmoja kapewa mita kumi na tatu. Kitambaa cha buluu, kizuri. Mwanyumba alikipokea kwa mikono miwili. Mimi nilipokea kwa mikono miwili na nikapiga goti kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Hesabu ilinichukua dakika moja. Asilimia ishirini ya mia mbili ni arobaini. Kitapungua ishirini, basi nakiongezea ishirini. Mia mbili jumlisha arobaini, mia mbili na arobaini. Mapazia matano, mita kumi na mbili. Inabaki mita nzima! Mkasi ukaenda chwaa.

Mke wangu alileta chai, akaniuliza nimekata ngapi. Nikamwambia. Akauliza, ishirini ya nini? Nikamwambia ya mia mbili, kwani dirisha ni la ngapi? Akasema lakini maji hayalijui dirisha, maji yataanza kula kwenye kile ulichokata. Nikamjibu kwamba maji hayali. Akaondoka na kikombe changu.

Saa tisa nilikwenda kuazima sindano kwa mwanyumba. Sindano ninazo. Nilitaka kuona. Amekata mia mbili na hamsini! Nilipima kwa jicho, kisha alipogeuka nikapima kwa tepu. Hamsini juu ya mia mbili ni asilimia ishirini na tano. Kaambiwa ishirini, yeye kaongeza ishirini na tano! Na ndiye huyu wa alama themanini. Cherehani ya umeme, kichwa cha kukanyaga.

Sijala kwa furaha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa mama mkwe mapema. Nilichukua ile mita yangu iliyobaki, nikaikunja vizuri, nikampa. Nikamwambia, mama, hii nimeiokoa, mali ya kikundi si ya kuchezea. Halafu, kwa masikitiko, nikasema kuna mtu, simtaji, anakata kitambaa ovyo. Sentimita kumi za bure kila pazia. Nusu mita inapotea, na akina mama wamechanga kwa jasho.

Mama mkwe aliniuliza mtu huyo kakata ngapi. Nikamwambia mia mbili na hamsini. Akauliza mimi je. Mia mbili na arobaini. Macho yake yaling'aa kwa namna ambayo sikuielewa. Nikauliza nimepata au nimekosa. Akasema msimamizi wa mtihani hajibu maswali. Ile mita akaifungia kabatini.

Kisha akatoa kalamu nyekundu! Akasema kwa kosa la kuchongea ndugu, alama zangu zinapungua kwa asilimia ishirini. Nimerudi nyumbani kichwa chini. Sitini toa ishirini, arobaini! Mke wangu akasema hapana, asilimia ishirini ya sitini ni kumi na mbili tu. Sitini toa kumi na mbili, arobaini na nane. Nilifurahi kidogo. Na somo nimelielewa barabara: ishirini ni kumi na mbili. Hilo sasa liko mfukoni.

Mwanyumba bado ana themanini zake. Zinaniwasha kama upupu.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kuchemsha. Jana nilimaliza kuzungushia utepe, kazi safi, hata adui yangu angesifu. Nimebandika pipa jikoni, nikatumbukiza mapazia, nikachemsha saa nzima, nikaanika. Yalipokauka nikapima.

Mia moja tisini na mbili.

Nikapima la pili. Mia moja tisini na mbili. Matano yote! Nikaitazama tepu. Bila shaka imevutika, ni ya siku nyingi. Nikamtuma mke wangu kwa mdogo wake, aazime tepu ya mwanyumba asiseme inakwenda kwa nani. Akarudi nayo. Mia moja tisini na mbili. Basi na yake imevutika.

Mke wangu akaniandikia kwa chaki ya kushonea, juu ya meza yangu ya kukatia. Asilimia ishirini ya mia mbili na arobaini ni arobaini na nane. Mia mbili na arobaini toa arobaini na nane, mia moja tisini na mbili. Kisha akaandika upande wa pili: asilimia ishirini ya mia mbili na hamsini ni hamsini. Toa hamsini, mia mbili. Akaweka chaki, akaenda zake. Angesema kitu ningepata la kujibu.

Nilichungulia ukuta wa nyuma. Mapazia ya mwanyumba yako kambani. Shemeji, mkewe, anayapima, mwanyumba ameshika ncha ya chini. Nikasikia shemeji akisema mia mbili. Akasema tena, mia mbili. Mara tano alisema! Moyo uliniuma kila mara.

Bahati tu. Kuna watu wana bahati.

Jumanne, 11 Machi

Akili haijengwi siku moja. Nimelowesha pazia moja, nikalitundika, nikafunga mawe kwenye ncha. Mawe sita. Kufika adhuhuri upande wa kushoto ulikuwa umefika mia moja tisini na sita! Upande wa kulia, mia moja tisini na tatu. Katikati limefanya tumbo. Nikapiga pasi kulinyoosha. Likarudi mia moja tisini na mbili palepale, kwa ukaidi ule ule wa mwenye kulishona.

Mke wangu ndiye aliyeiandika sentensi hiyo ya mwisho. Daftari hili sasa nitalificha.

Jumatano, 12 Machi

Mwanyumba kabisha hodi. Ananiita kaka, kwa kuwa mke wangu ni mkubwa kwa mkewe. Kasema, kaka, nimesikia yameteleza kidogo. Nani kamwambia? Nyumba hii ina masikio mengi kuliko vifungo. Akasema si jambo, mita yangu iliyobaki inatosha kutia ukanda chini ya kila pazia, tena utakuwa pambo, na yeye yuko tayari kunisaidia kwa cherehani yake.

Kwa cherehani yake! Ili kesho mji mzima useme kamshonea. Na mita yenyewe iko wapi? Kabatini kwa mama mkwe, niliipeleka mwenyewe kwa miguu yangu. Niende kuomba nirudishiwe? Bora ukumbi ubaki uchi.

Nikamwambia mapazia yangu yako sawasawa, mtindo wa sasa ni mafupi. Akaaga kwa heshima. Alipofika mlangoni nilitamani kumwita. Nikakohoa badala yake.

Naandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi tena na mtu. Namwonea wivu. Si cherehani. Ni ile hali ya kukosea kidogo na kupendwa sana. Mimi nakosea sana, na kupendwa nahesabiwa.

Ijumaa, 14 Machi

Tumetundika. Yake matano upande wa kushoto, yanagusa kizingiti kama yamezaliwa hapo. Yangu matano upande wa kulia. Yanakwisha sentimita nane kabla ya kizingiti. Kutoka mlangoni ni kama watu watano waliovaa suruali za wadogo zao.

Nikasubiri kila mtu atoke. Nikachukua bisibisi, nikashusha vyuma vya mapazia matatu kwa sentimita nane. Sasa chini yamefika! Ila juu kuna mwanga. Mawili nikayaacha yalivyo. Hesabu yake ni hii: matatu yamepungukiwa juu, mawili chini, kwa wastani hakuna lililopungukiwa. Wageni huangalia kwa wastani.

Jumamosi, 15 Machi

Hawaangalii kwa wastani.

Mgeni rasmi aliketi mbele, uso kulia. Saa nne jua likapenya juu ya mapazia yangu matatu, likampiga machoni. Akahamishwa kiti. Likamfuata. Akahamishwa tena, safari hii likampata la chini, kwenye viatu, vikang'aa mpaka mwenyewe akavitazama. Nje watoto walikuwa wameinama kwenye madirisha yangu mawili, wanachungulia keki. Mstari mzima wa macho! Upande wa mwanyumba ulikuwa kimya na kivuli.

Baada ya hotuba mama mkwe akatuita mbele ya kamati. Nikajitetea kisomi. Nikasema mia moja tisini na mbili kwa mia mbili ni asilimia tisini na sita. Shule gani duniani humfelisha mtoto wa tisini na sita? Kamati ikatingisha kichwa, kweli, ni alama nzuri. Nikaona napona.

Mama mkwe akasema hesabu yangu hiyo ni sahihi, na ndiyo ya kwanza sahihi tangu nipose nyumbani kwake. Akasema na kwa kuwa asilimia nne ni kitu kidogo, basi wiki ijayo nije mbele ya kamati na suruali iliyokosa asilimia nne tu ya kitambaa. Na yeye ndiye atakayechagua imekosekana wapi.

Kamati ilicheka mpaka katibu akaegemea pazia. Pazia langu. Likaanguka.

Kazi ya mwaka mzima kapewa mwanyumba. Alipopeana mkono na mgeni rasmi, alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya spika.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi mama mkwe kaja barazani mwenyewe, na ile mita yangu kwapani. Kumbe aliiweka kwa siku hii! Akaiweka kwenye meza ya mwanyumba, akatutazama wote wawili, akasema ana muda mpaka adhuhuri.

Mwanyumba alikichemsha kitambaa kwanza, ndipo akakikata kanda tano. Akaniomba nishone mimi, kwa cherehani yake, yeye akashika kitambaa. Inateleza kama siagi, ile cherehani. Nimeichukia zaidi. Kufika saa sita mapazia matano yalikuwa na ukanda chini, tukayarudisha ukumbini, vyuma nikavipandisha. Mia mbili kamili. Akina mama wamesema yangu sasa yamependeza kuliko yake, kwa sababu ya pambo. Mwanyumba akasema kweli kabisa. Yaani hata kushindwa anashindwa vizuri!

Mama mkwe akatoa kalamu nyekundu. Kwa kukubali kusaidiwa, alama zangu zinaongezwa asilimia ishirini. Nilipiga kelele! Zilishuka ishirini, zimepanda ishirini. Kumi na mbili zangu zimerudi, niko sitini palepale, kama vile hapakutokea kitu. Mke wangu akaanza kusema ishirini ya arobaini na nane si kumi na mbili, ni tisa na sehemu, hata hamsini na nane sijafika. Nikamwomba asinichafulie siku.

Na mwanyumba je? Yeye kaongezwa asilimia tano. Tano tu! Mimi ishirini. Nimempita mara nne, mbele ya mashahidi.

Bado kuna zuri. Mwanyumba kaiambia kamati kazi ni nyingi, inipe kidogo. Nimepewa vitambaa sita vya meza, pamba ileile ya buluu, urefu sentimita mia moja na hamsini vikishachemshwa. Safari hii sibahatishi. Nimekaa, nimetulia, nimepiga hesabu mara mbili. Asilimia ishirini ya mia moja na hamsini ni thelathini. Mia moja na hamsini jumlisha thelathini, mia moja na themanini. Namwonyesha mke wangu, anafumba macho.

Niko tayari kukata. Ila mkasi siuoni. Nimetafuta mezani, chini ya meza, kwenye boksi la uzi. Mke wangu anasema hajauona. Amekaa tu kwenye kiti tangu nianze kutafuta, kanyooka vile, na hata nilipomwomba anyanyuke kidogo nitazame, kakataa.

Mwanyumba kauiba. Nilijua tu ana wivu.